Shajara ya mradi: kufunga tabo kwenye 1HZ na kuilinda injini, Arusha, Machi hadi Septemba 2024

12 Machi 2024 – Kabla ya kununua chochote

Gari ni Land Cruiser 79 iliyorefushwa kwa kazi ya mbugani, viti saba na paa la kunyanyuka. Injini ni 1HZ, dizeli ya silinda sita kwenye mstari mmoja, cc 4,164, imetoka kiwandani bila tabo (turbo, kifaa kinachoendeshwa na moshi wa ekzosi na kuisukumia injini hewa zaidi). Imetembea kilomita 318,000. Naliendesha mwenyewe na ndilo linalolisha nyumba yangu. Likilala gereji, na sisi tunalala.

Sababu ya mradi ni mlima. Anayeijua njia ya Mto wa Mbu kwenda Karatu atanielewa. Ukiwa na wageni sita, mabegi na kisanduku cha barafu, ukuta wa Bonde la Ufa unaupanda kwa gia ya pili huku malori yanakupumulia kisogoni. Ukishapita geti la Lodoare unaanza tena kukwea hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, mita zipatazo 2,300 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa imepungua karibu robo ukilinganisha na Dar. Pampu ya dizeli ya gari langu haina kifaa cha kupunguza mafuta kufuatana na mwinuko, kwa hiyo inamwaga kiasi kilekile penye hewa pungufu. Mafuta yasiyopata hewa ya kutosha ndiyo ule moshi mweusi, na ndiyo joto pia.

Hapa mjini nimeona kwa macho hedi (vichwa vya injini, vinavyofunika silinda kwa juu) mbili za 1HZ zilizopasuka kati ya vali na vali, zote za magari yaliyofungwa tabo bila geji hata moja. Ndiyo maana shajara hii itazungumzia tabo kwa uchache na kinga ya injini kwa wingi. Tabo yenyewe ni bolti na mipira tu.

Jambo la kuliweka kichwani tangu mwanzo: mgandamizo wa 1HZ ni 22.4 kwa 1. Ndugu yake 1HD-T, ambayo Toyota wenyewe waliifunga tabo, ni 18.6 kwa 1. Injini yetu ilitengenezwa ivute hewa kwa mapafu yake yenyewe. Ukiilazimisha hewa nyingi juu ya mgandamizo huo, shinikizo na joto ndani ya silinda vinapanda haraka. Nimejiwekea kikomo cha presha ya tabo cha psi 7 (pauni kwa inchi ya mraba) na sitakivuka.

19 Machi – Afya ya injini

Tumepima kompresheni silinda zote sita, injini ikiwa ya moto, kupitia matundu ya hita plagi. Tano zilisoma kati ya psi 400 na 425. Ya nne ikasoma 350.

Fundi wangu, mzee aliyeanza kufungua 1HZ kabla mimi sijapata leseni, hakushtuka. "Usianze kuwaza ringi, mwanangu. Anza na kilicho juu." Tukafungua kava ya vali tukapima nafasi kwa fila geji. Vali ya ekzosi ya silinda ya nne ilikuwa na milimita 0.22, wakati inatakiwa iwe kati ya 0.35 na 0.45 injini ikiwa ya baridi. Vali isiyokaa vizuri kwenye kiti chake inavujisha kompresheni, na pia haipati muda wa kuachia joto lake kwenye hedi. Yaani hapohapo ambapo hedi za 1HZ hupasukia. Tukabadilisha shimu (kibati chembamba kinachopanga nafasi hiyo), tukaizungusha injini, tukapima upya: 410.

Ningefunga tabo juu ya vali ile, isingemaliza msimu.

Nozo zote sita zilikwenda kwa fundi wa pampu. Nne zilikuwa zinapuliza ukungu. Mbili zilikuwa zinakojoa, mchirizi mmoja mwembamba unaodondoka pembeni. Nozo ya namna hiyo inaunguza sehemu moja ya chuma badala ya kuchoma mafuta hewani. Nimeweka ncha mpya zote sita, maana kuchanganya mpya na zilizochoka ni kutafuta tofauti ya joto kati ya silinda.

Mkanda wa taimingi na tensona yake vimebadilishwa wakati huohuo, kwa kuwa ulikuwa na kilomita 90,000.

Gharama: ncha za nozo na kazi 450,000, kompresheni na shimu 120,000, mkanda na tensona 260,000. Jumla 830,000.

2 Aprili – Rejeta na geji, kisha kipimo cha mlima

Rejeta imefunguliwa na kusafishwa kwa fimbo tundu kwa tundu. Termostati mpya, kulanti mpya, na kitovu cha feni kimeongezwa mafuta yake ya silikoni kwa sababu feni ilikuwa inazunguka kivivu hata injini ikiwa ya moto. Nimeongeza geji ya joto la maji yenye namba. Sindano ya kwenye dashibodi siiamini tena: geji mpya ilipanda kutoka nyuzi 84 hadi 97 za Selsiasi (joto lote humu ni kwa kipimo hicho) siku ya kwanza, na ile ya kiwandani haikusogea hata unywele.

Sasa kifaa muhimu kuliko vyote: geji ya joto la ekzosi. Ni kijiti cha kupimia joto kinachoingia ndani ya njia ya moshi, na waya unaokuja hadi kwenye geji. Tuliishusha manifoldi ya zamani, tukaitoboa pale mikondo inapokutana, tukakata hesi, tukafunga.

Nikapakia mifuko minane ya mchanga ya kilo 50 na kwenda Mto wa Mbu peke yangu. Kupanda, gia ya pili, mguu sakafuni: kilomita 35 kwa saa, joto la ekzosi 665, moshi mweusi. Hayo ni bila tabo. Yaani injini niliyokuwa naiona salama ilikuwa inaungua kila safari, nami sijui.

Kumbuka hiyo namba 665, na kumbuka ilipimwa wapi. Nitairudia kwa uchungu.

Gharama: rejeta 90,000, termostati 85,000, mafuta ya feni 40,000, kulanti 120,000, geji ya maji 110,000, geji ya ekzosi 310,000, geji ya presha ya tabo 95,000. Jumla 850,000.

20 Aprili – Tabo imefika kutoka Dar

Nimenunua seti iliyotumika: tabo, manifoldi ya chuma cha kalibu na bomba la kuanzia. Mpya ya kuagiza ingenifika kwa zaidi ya mara mbili ya bei hii.

Ukinunua iliyotumika, ipime pale dukani kabla hujatoa hela. Shika shafti kwa vidole viwili, isukume juu na chini: mchezo mdogo sana wa pembeni ni wa kawaida kwa sababu shafti huelea juu ya utando wa oili, lakini bapa (mapanga yanayozunguka ndani ya tabo) zisiguse ukuta. Kisha ivute mbele na nyuma: hapo usisikie mchezo wowote. Yangu ilikuwa na mchezo kidogo wa mbele na nyuma, nikaipunguzia bei na kuifungua kwa ajili ya seti mpya ya baringi na sili.

Tabo 2,600,000, matengenezo yake 380,000.

4 Mei – Imefungwa na imewaka

Mambo ya kawaida nayapitia haraka. Studi mpya za manifoldi, gasketi mpya, bomba la ekzosi la inchi 3 hadi nyuma, mpira wa oili wenye wavu wa chuma kutoka kwenye mkondo wa presha ya oili, bomba la kurudishia oili hadi kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini).

Kuwasha kwa mara ya kwanza kunastahili maelezo. Tabo ikizunguka bila oili, hata kwa sekunde chache, baringi inachubuka. Tulimimina oili safi kwenye tundu la kuingilia, tukaizungusha shafti kwa mkono, tukafunga mpira. Kisha tukachomoa waya wa solenoidi inayokata mafuta kwenye pampu, ili injini izunguke kwa stata bila kuwaka. Sekunde kumi, pumzika, sekunde kumi tena, mpaka geji ya presha ya oili iliponyanyuka. Ndipo tukarudisha waya. Ikawaka, tukaiacha sailensa, yaani mizunguko ya chini, dakika tano bila kugusa mafuta.

Tumetumia manifoldi ya seti, na hii haina tundu la kijiti cha joto. Kijana wa gereji akashauri tukiweke kwenye bomba, baada ya tabo, kwa kuwa bomba ni jepesi kuchomelea. Nikakubali.

Gharama: mpira wa oili 140,000, gasketi na studi 165,000, ekzosi 550,000, mabomba ya hewa na klempu 280,000, ufundi 700,000.

6 Mei – Moshi wa bluu

Gari likisimama sailensa dakika tatu linaanza kutoa moshi wa bluu. Ukilikanyagia mafuta, unapotea. Ukiliacha, unarudi. Nikadhani sili za tabo zimekufa, fedha yangu ya matengenezo imepotea.

Mzee akalala chini ya gari kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Alipotoka hakusema neno, akachukua dipstiki na kuiweka ubavuni mwa injini kwa nje, ncha yake ikilingana na ilipofikia ikiwa ndani. Alama ya oili ilikuwa juu ya pale bomba la kurudishia lilipoingia kwenye sampu. Tulikuwa tumetumia tundu la zamani lenye plagi kwa sababu lilikuwa tayari.

Hapo ndipo nilipoelewa. Oili inaingia kwenye tabo kwa presha, lakini inatoka kwa kushuka tu, kwa uzito wake, ikiwa imechanganyika na mapovu. Mlango wa kutokea ukiwa chini ya usawa wa oili, haishuki. Inajaa ndani ya tabo hadi inapita kwenye sili, ingawa sili ni nzima. Na bomba letu lilikuwa na kosa la pili: lilining'inia katikati, likafanya tumbo ambalo oili ilituama.

14 Mei – Sampu chini

Tumeishusha sampu, tukaziba tundu la zamani na kuchomelea kiungio kipya juu ya usawa wa oili, kipenyo cha ndani milimita 19. Bomba jipya ni fupi na linateremka moja kwa moja, bila kona ya ghafla. Usilipunguze. Hili la kurudishia ndilo la kunenepesha, lile la kuingizia linaweza kuwa jembamba.

Tukiwa pale tukakuta jambo lingine. Kwenye gasketi ya mdomo wa chini wa tabo, kijana alikuwa amepaka silikoni ya tyubu kwa nia njema. Iliyominywa ndani ilikuwa imefanya ulimi wenye urefu wa kucha, umening'inia kwa uzi. Ungekatika, ungeteremka kwenye sampu na kuishia kwenye chujio la pampu ya oili. Na kama silikoni hiyohiyo ingepakwa upande wa kuingizia, ingeziba tundu dogo la baringi. Kwenye njia yoyote ya oili ya tabo weka gasketi kavu, basi.

Oili yote tuliimwaga kwa sababu ya vumbi la kuchomelea. Sampu na kazi 180,000, oili 130,000.

Sailensa dakika ishirini, hakuna moshi wa bluu.

25 Mei – Dipstiki inajitokeza

Baada ya siku mbili za kazi ya karibu, Tarangire na kurudi, nafungua boneti nakuta dipstiki imenyanyuka sentimita mbili na oili imetapakaa upande ule wote. Sili ya nyuma ya kranki nayo imeanza kutoa jasho.

Hili nililitafuta mwenyewe usiku, na tochi. 1HZ ina mpira wa kupumulia kutoka kava ya vali kwenda kwenye njia ya hewa. Zamani njia ile ilikuwa ya kunyonya, kwa hiyo ilivuta mivuke ya ndani ya injini. Sasa kipande kilekile cha njia kiko baada ya tabo, na kinasukuma. Kila nikikanyaga mafuta nilikuwa naipuliza injini psi 7 ndani ya tumbo lake. Hewa ikatafuta pa kutokea: dipstiki, kisha sili.

Tiba: mpira wa kupumulia umehamishiwa kabla ya tabo, kati ya eya klina na mdomo wa kunyonyea, na katikati yake nimeweka kopo la kunasa oili ili mvuke wenye oili usipite kwenye bapa. Mdomo wa zamani umezibwa kwa plagi ya hesi. Nisingependa mpira uliofungwa klempu, maana siku ukichomoka hutajua. Sili ya nyuma ilikauka yenyewe baada ya wiki, lakini bado naitazama.

Kopo 85,000.

8 Juni – Skrubu ya mafuta

Mpaka hapa hatujagusa pampu. Mlima uleule, mifuko ileile minane: gia ya tatu, kilomita 44 kwa saa, moshi mweusi umekwisha kabisa, geji ya ekzosi inasoma 430. Nilifurahi mno. Kutoka 665 hadi 430.

Kwenye dizeli, hewa ikiongezeka bila mafuta kuongezeka, joto linashuka. Kwa hiyo nikaona nina akiba kubwa. Tukaikaza skrubu ya mafuta iliyo nyuma ya pampu kwa robo tatu ya mzunguko. Sailensa ilipanda pia, kama inavyofanya kwenye pampu hizi, tukairudisha mahali pake. Gari likawa jingine. Kilomita 58 kwa saa mlimani, geji 560. Kuondoka kutoka kusimama kulikuwa na wingu jeusi, kwa sababu pampu ya 1HZ haina kile kifaa cha kusubiri presha ya tabo kabla ya kuongeza mafuta. Nikaona ni bei ndogo.

29 Juni – Namba ya kweli

Safari ya siku tano, wageni sita, gari limejaa. Kupanda kutoka Mto wa Mbu geji ya maji ikafika 103. Nikaachia mafuta, nikamalizia gia ya pili. Geji ya ekzosi ilikuwa inasema 565, na hapo ndipo nilipoacha kuielewa. Kama moshi ni baridi kuliko zamani, maji yanapata wapi joto?

Nilipofika Karatu nikampigia Mzee simu. Akaniuliza swali moja tu: "Kile kijiti mmekiweka mbele ya tabo au nyuma?"

Tabo inaendeshwa na joto na msukumo wa moshi. Moshi ukishapita kwenye bapa umeacha sehemu ya joto lake mle. Ukipima baada ya tabo unapima kilichobaki, na tofauti haina kipimo kimoja: ikiwa mzigo ni mdogo ni ndogo, ukikanyaga inakua. Namba 665 ya Aprili ilipimwa mlangoni pa silinda. Namba 430 na 560 zilipimwa upande wa pili. Nilikuwa nalinganisha joto la mafiga na joto la kibati cha paa.

Safari iliyobaki niliendesha kwa gia ya chini na mguu mwepesi, wageni hawakujua, mimi sikulala vizuri siku zote tano.

Kurudi Arusha tumeishusha manifoldi. Ishushe, tafadhali. Wapo wanaoitoboa ikiwa garini kwa kupaka grisi kwenye keekee ili inase vyembe vya chuma, lakini chembe moja ikibaki inakwenda moja kwa moja kwenye bapa zinazozunguka maelfu kwa maelfu kwa dakika. Tundu limekaa pale mikondo inapokutana, kabla ya tabo, na ncha ya kijiti inafika katikati ya mkondo bila kugusa ukuta.

Skrubu ikiwa bado robo tatu, nikaenda mlimani. Geji ilifika 760 na ilikuwa bado inapanda nilipoachia mafuta. Hicho ndicho nilichokuwa nimeifanyia injini wiki tatu nzima.

Tulipima kompresheni upya silinda zote: hakuna iliyoshuka. Maji hayana mapovu. Namshukuru Mungu, na nashukuru zile ncha mpya za nozo.

6 Julai – Kuipanga upya, thumni kwa thumni

Skrubu imerudishwa ilipokuwa kiwandani. Kisha tukaongeza thumni (moja ya nane) ya mzunguko kila mara, mifuko minane, mlima uleule, gia ya tatu, asubuhi mapema hewa ikiwa na ubaridi uleule. Ilivyokwenda:

Bila kuongeza: 570. Thumni moja: 600. Robo: 640. Thumni tatu: 685, na wingu la kuondokea limeanza kuonekana.

Nimesimama kwenye robo. Kikomo changu ni 650 kwa kupanda kwa muda mrefu, na 700 kwa kulipita lori tu kisha naachia. Wapo wanaokwenda juu zaidi ya hapo na injini zao bado zinatembea, lakini zangu ni kilomita za kazi, na mlima ni uleule mara nane kwa mwezi.

Jambo lililonifurahisha kweli: kwa robo, gari linapanda kilomita 52 kwa saa na joto ni 640, yaani chini ya lile la 665 lililokuwepo kabla ya tabo kwa kilomita 35. Injini inafanya kazi zaidi ikiwa na joto pungufu. Hiyo ndiyo tabo iliyofungwa vizuri inavyotakiwa kuwa.

Kutoboa manifoldi 60,000, gasketi 45,000, oili nimeimwaga tena 130,000, kwa kuwa oili iliyopikwa kwenye 760 sitaki kuiacha ndani.

20 Julai – Vumbi

Barabara ya kutoka Ngorongoro kuelekea Naabi Hill wakati wa kiangazi inajulikana: matuta madogo yasiyoisha na vumbi jepesi kama unga wa muhogo. Baada ya safari mbili za huko nilifanya kitu ambacho sasa nakifanya kila wiki. Nilifungua mpira wa hewa kati ya eya klina na tabo, nikaingiza kidole cha shahada na kukizungusha ndani.

Kilitoka na rangi ya kahawia. Nikakisugua na kidole gumba, nikasikia chembe.

Ndani ya mpira ule hewa imeshachujwa. Kidole kinatakiwa kitoke safi, au na alama ya oili kidogo ya kopo. Nikatazama bapa za tabo kwa tochi: kingo za mbele, ambazo Mei zilikuwa kali, zilikuwa zimeanza kufifia na kung'aa kama zimesuguliwa msasa. Na mchanga ulioikwangua bapa haukuishia pale, uliendelea hadi kwenye kuta za silinda.

Chanzo: kona ya mpira tuliyotumia ilikuwa ya kawaida, haikuwa ya kustahimili joto. Imekaa sentimita chache kutoka kwenye manifoldi. Ilikuwa imelainika, na tabo inavyonyonya kwa nguvu ilikuwa inaibana kama mrija wa juisi, mpaka ukingo ukajitenga na klempu upande wa chini usioonekana. Mkonga wa hewa na eya klina mpya vilikuwa vinafanya kazi bure.

Nimetengenezewa bomba la alumini lenye kingo zilizobinuliwa ili mpira usichomoke, viungio vifupi vya silikoni nzito, klempu za bolti badala ya zile za skrubu, na bati la kukinga joto kati yake na manifoldi. 210,000. Oili nilibadilisha pia, ila hiyo siihesabu hapa.

Kompresheni baada ya hapo: silinda zote kati ya 395 na 420. Zimeshuka kidogo. Siwezi kuzirudisha, naweza kuzuia zisiendelee.

2 Septemba – Kilomita 9,400 tangu ifungwe

Kidole kinatoka safi wiki sita mfululizo.

Oili naibadilisha kila kilomita 5,000, dizeli ya 15W-40, pamoja na chujio. Tabo inaipika oili, na soti (masizi) ni nyingi. Kabla ya kuzima nikishapanda mlima naiacha sailensa dakika mbili, ili oili iendelee kupita kwenye baringi mpaka chuma kipoe. Kwenye kituo cha kutazamia kreta hili ni jepesi: wageni wanashuka kupiga picha, mimi nabaki ndani natazama geji ikishuka. Ikifika 200 ndipo nazima. Getini Lodoare ni pagumu zaidi, kwa sababu mazoea yetu madereva ni kuzima na kuruka na karatasi mkononi. Nimejizoeza kuchukua karatasi huku injini inawaka.

Maji hayajavuka 94 hata kwa mzigo kamili. Ulaji wa dizeli umebaki karibu uleule: kilomita 6.2 kwa lita zamani, 6.4 sasa. Anayefunga tabo ya namna hii kwa matumaini ya kubana mafuta asitegemee kurudisha fedha yake kwa njia hiyo.

Hesabu yote: afya ya injini 830,000, maji na geji 850,000, tabo na kufunga 4,815,000, makosa 840,000. Jumla shilingi 7,335,000. Hapo sijaweka dizeli ya kupanda na kushuka mlima na mchanga, wala siku nilizokosa kazi.

Kwa mwenye bajeti ndogo: kama hela haitoshi vyote, anza na ile 1,680,000 ya afya, maji na geji, uendeshe hivyo msimu mzima. Gari langu lilipona 665 ambazo sikuzijua kwa sababu tu nilinunua geji kwanza. Ukishaiona namba utaendesha tofauti hata bila tabo.

Kilichobaki ni klachi. Imeanza kuteleza kwa gia ya nne nikikanyaga chini kwenye lami ya Makuyuni, mizunguko inapanda na gari halifuati. Sahani ya kiwandani ilipangwa kwa nguvu ya zamani. Nimeagiza nzito zaidi, na tutaishusha Novemba wageni wakipungua, tuitazame na ile sili ya nyuma ya kranki tukiwa tumeifikia.